Risiva ya droni imegoma? Soma taa kwanza, kisha ndiyo ushike pasi ya kulehemu

Haipiti muda mrefu kabla mtu hajaniletea risiva ndogo ya droni, kile kipande kinachopokea amri za rimoti, ndani ya mfuko wa nailoni, na neno lake huwa moja: "Hii imekufa." Naipa umeme wa volti 5, natazama taa yake, na mara nyingi taa yenyewe inanieleza kilichotokea kabla sijagusa chombo chochote. Risiva hizi nyingi hazifiki gramu moja. Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kwa hiyo watu huzidhania ni nyepesi za kufa. Kufa zinakufa, ila nyingi ya zile zinazotupwa bado ni nzima kabisa, na inaniuma kuona mtu anaagiza nyingine, anasubiri mwezi mzima mzigo ufike, kumbe kosa lilikuwa waya mmoja au herufi moja.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama wanavyozieleza wenye droni wenyewe. Nimeegemea risiva za ExpressLRS (mfumo wa mawasiliano kati ya rimoti na droni) za 2.4 GHz pamoja na Betaflight, programu inayoendesha bodi kuu, kwa kuwa ndizo zimeenea kwenye droni ndogo. FrSky na FlySky, ambazo ni aina nyingine za rimoti na risiva, nitazitaja pale zinapokwenda njia tofauti.

Kabla ya lolote, toa propela zote nne. Usijiambie nitakuwa mwangalifu. Droni inayofanyiwa majaribio ya risiva ndiyo hasa inayoweza kuwasha mota bila kuulizwa. Pili, usiwashe rimoti ambayo antena yake haijafungwa, maana nguvu isiyopata pa kutokea hurudi ndani na inaweza kuunguza sehemu ya kurushia mawimbi. Tatu, uwe na mita ya kupimia volti. Hata ile ya bei ndogo inatosha.

Taa haiwaki kabisa

Sababu inayoongoza haina madhara: umechomeka droni kwenye kompyuta kwa waya wa USB tu, na pedi ya 5V ya bodi yako (kile kipande cha shaba unapolehemu waya) haipati umeme kutoka USB. Bodi nyingi ziko hivyo. Chomeka betri uone. Kama unataka risiva iwake hata kwa USB peke yake, tafuta pedi iliyoandikwa 4V5 kama bodi yako inayo, uhamishie waya mwekundu hapo.

Ikiwa hata kwa betri ni giza, pima umeme. Pimia kwenye pedi za risiva yenyewe, kati ya 5V na G (upande wa kutoa), usipimie kwenye bodi. Waya hizi ni nyembamba mno na hukatikia ndani ya ngozi yake, pale pale lehemu inapoishia, hivyo kwa macho unaona mzima. Ukipata karibu volti 5 kwenye bodi na sifuri kwenye risiva, badilisha waya. Ukipata sifuri kote kuwili, shida ni ya bodi.

Ukipata volti 5 safi kwenye pedi za risiva na taa bado imelala, uliza historia. Je, iliwahi kuunganishwa moja kwa moja na betri? Betri ya seli mbili ikijaa inatoa volti 8.4, na risiva ya volti 5 haivumilii hilo. Je, nyekundu na nyeusi ziliwahi kubadilishana? Jibu likiwa ndiyo, hiyo kweli imekufa. Kabla ya kufunga mpya, hakikisha bodi inatoa volti 5 sawasawa, la sivyo utaua na ya pili.

Taa inawaka, lakini risiva haishikani na rimoti

Hapa ndipo taa inapozungumza. Kwa ExpressLRS yenye taa ya rangi moja, lugha yake ni hii. Ikipepesa polepole, nusu sekunde yawaka na nusu sekunde yazima, inatafuta rimoti. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, imeingia wifi. Ikipepesa mara mbili kisha ikanyamaza kidogo, iko tayari kuoanishwa. Ikipepesa mara tatu kisha ikanyamaza, imeshaiona rimoti lakini inakataa kufanya kazi, na hilo nitalieleza chini. Ikitulia tuli, imeungana.

Sasa, ikiwa inatafuta tu bila kupata, anza na toleo la programu ya ndani. Namba ya kwanza ya toleo lazima ilingane pande zote mbili. Rimoti yenye 3 na risiva yenye 2 haziwezi kusikilizana hata uziweke kifua kwa kifua. Hili ndilo ninalolikuta zaidi kwa mtu aliyenunua rimoti mpya akabaki na droni ya zamani. Kuliangalia, acha risiva na umeme bila kuwasha rimoti. Baada ya sekunde 60 hivi itafungua wifi yake yenye jina ExpressLRS RX. Ingia kwa simu kwa neno la siri expresslrs, kisha fungua 10.0.0.1 kwenye kivinjari. Toleo limeandikwa hapo juu.

Ukiwa kwenye ukurasa huo huo, angalia neno la kuoanisha. Risiva na rimoti lazima ziwe na neno lile lile, herufi kwa herufi. Na hapa simu inatufanyia hila: kibodi yake hugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, au huacha nafasi mwishoni ukichagua neno lililopendekezwa. Kwa macho yako "nyumbani" na "Nyumbani" ni neno moja, kwa risiva ni vitu viwili visivyojuana. Niliwahi kukaa usiku mzima na droni ya kijana mmoja, tumeshabadilisha antena, tumeshalehemu upya, mpaka nilipofuta lile neno lote nikaandika upya kwa utulivu. Taa ikatulia hapo hapo.

Usipotumia neno, unaoanisha kwa mkono: toa na upe umeme mara tatu kwa haraka, kila mara ukikata ndani ya sekunde moja au mbili, na ya tatu uuache. Taa itapepesa mara mbili mbili. Bonyeza Bind kwenye rimoti. Risiva ambayo tayari imewekewa neno inaweza kukataa njia hii, kwa hiyo ikikataa rudi kwenye neno.

Kama droni yako ni ndogo sana, ya seli moja, huenda haina risiva ya pembeni, bali imejengewa ndani ya bodi kuu. Nyingi za namna hiyo hazina wifi. Kwa zisizo na wifi, toleo la ExpressLRS linakuja pamoja na Betaflight: Betaflight 4.3 inabeba toleo la 2, na kuanzia 4.4 ni toleo la 3. Neno la kuoanisha unaliandika ndani ya Betaflight, kwenye ukurasa wa Receiver.

Kuna taa iliyotulia ambayo ni uongo. Umetoa rimoti chumbani kabisa, umeizima, halafu risiva inawaka tuli tangu sekunde ya kwanza inapopata umeme. Hiyo haijaungana na chochote. Imekwama katika hali ya kusubiri kupakiwa programu. Chanzo cha kwanza ni kitufe kidogo kilichobanwa na ule mpira wa kusinyaa kwa moto uliovishwa risiva. Upasue taratibu upande wa kitufe, ujaribu tena. Chanzo cha pili ni pedi uliyounganisha kwenye bodi: baadhi ya bodi zina pedi ya RX (ya kupokea) iliyounganishwa na kigeuzi cha SBUS (lugha ya ishara inayotumiwa na FrSky), nayo huvuta waya wa risiva chini wakati wa kuwaka. Hamia UART nyingine, yaani mlango mwingine wa mawasiliano wa bodi, na tatizo limeisha.

Kwa FrSky, shaka ya kwanza iwe ACCST, mfumo wake wa mawasiliano: toleo la 1 na la 2 haziungani, na programu ya Ulaya, ile ya LBT, haiungani na ya FCC, ile ya Marekani. Kwa FlySky, tazama kama rimoti na risiva zote ni za mfumo mmoja, AFHDS 2A. Wenye rimoti za 900 MHz nao waangalie kama ni 868 au 915, zisichanganywe.

Imeungana, lakini vijiti havisogezi chochote kwenye Betaflight

Taa tuli, rimoti inaonyesha namba za mawimbi, lakini kwenye ukurasa wa Receiver mistari imelala. Usiguse antena. Mawimbi yako sawa, shida iko kati ya risiva na bodi.

Tazama waya kwanza. Zinapishana: TX (ya kutuma) ya risiva inakwenda RX ya bodi, na RX ya risiva inakwenda TX ya bodi, tena za UART moja. Kulehemu TX kwa TX ni kosa la kila mtu siku ya kwanza, nami nimelifanya, na haliunguzi kitu. Geuza tu.

Waya zikiwa sawa, fungua ukurasa wa Ports. Serial Rx iwashwe kwenye UART uliyotumia, na isiwashwe kwenye nyingine yoyote. UART hiyo isiwe na kazi ya pili. Kisha kwenye ukurasa wa Receiver chagua Serial na CRSF, lugha ambayo ExpressLRS huzungumza na bodi. Ukiwa umerithi bodi kutoka droni nyingine, angalia kwenye CLI (ukurasa wa kuandika amri) kwamba serialrx_inverted na serialrx_halfduplex zote ni OFF, kwa maana mmiliki wa kwanza huenda alitumia FrSky akaziwasha.

FrSky inatumia SBUS, na SBUS inatuma ishara zake zikiwa zimegeuzwa juu chini. Bodi zenye chipu za F7 na H7 zinageuza zenyewe ndani. Bodi ya F4 haiwezi, inahitaji ile pedi maalumu iliyoandikwa SBUS. Ukilehemu kwenye RX ya kawaida ya F4, utabadilisha mipangilio hadi asubuhi bila kupata mstari hata mmoja.

Ile taa ya kupepesa mara tatu nayo dalili yake ni hii hii. Sababu ni Model Match: risiva iliunganishwa na modeli moja kwenye rimoti, nawe umefungua modeli nyingine. Chagua modeli sahihi, au zima Model Match kwenye skrini ya ExpressLRS.

Mistari ikisogea lakini kwa mchanganyiko, ukipandisha gesi inasogea Yaw (kugeuka kushoto au kulia), badilisha mpangilio wa chaneli kuwa AETR1234. Swichi ya kuwasha mota iweke chaneli ya 5, kwa sababu ExpressLRS imeitengea chaneli hiyo kazi hiyo.

Mawimbi yanakatika ukiwa karibu tu

Dalili hii ndiyo inayoangusha droni nyingi, kwa hiyo ninaomba uende nayo pole. Kwanza jifunze kusoma namba mbili kwenye miwani ya video au kwenye rimoti. RSSI ni nguvu ya mawimbi yanayofika, huandikwa kwa dBm na alama ya kutoa mbele. LQ ni asilimia ya vifurushi vinavyofika salama. RSSI ikishuka polepole kadiri unavyokwenda mbali, na LQ ikaifuata, fikiria antena au umbali. RSSI ikiwa nzuri lakini LQ inayumba, kuna kelele karibu. Zote mbili zikiwa nzuri halafu ghafla zikaenda sifuri, risiva imezima. Huo ni umeme, nenda moja kwa moja kwenye dalili inayofuata.

Kipimo cha mezani: weka droni mita moja au mbili kutoka kwenye rimoti, nguvu ya rimoti ikiwa ndogo. RSSI ya −40 au −50 ni ya kawaida. Ukiona −85 ukiwa chumba kimoja nayo, antena haifanyi kazi. Kwa kulinganisha, ExpressLRS ya 2.4 GHz ikiwa kwenye 500 Hz (vifurushi 500 kwa sekunde) husikia hadi karibu −105, kwenye 250 Hz hadi −108, na kwenye 50 Hz hadi −115. Kwa hiyo mwenye −85 sebuleni amekwisha kutumia sehemu kubwa ya akiba yake kabla hajapaa.

Sasa shika droni, isogeze kwenye mwanga. Angalia pale antena inapochomekwa, kile kiduara cha shaba kisichozidi punje ya mtama. Kikichomekwa vizuri kinakaa sambamba na bodi pande zote. Kikiwa kimeinuka upande mmoja hata kwa unene wa karatasi, kimegusa ganda tu, pini ya katikati iko hewani. Risiva itaungana nawe mezani, itakuonyesha taa tuli ya kupendeza, na itakuacha mita 30 kutoka ulipo. Kukirudisha, kilenge sawasawa juu ya tundu, kisha kandamiza wima kwa ukucha hadi usikie "ti" ndogo. Usikivute kwa waya wake kamwe, kwa sababu tundu litang'oka na pedi zake. Viunganishi hivi vimetengenezwa kwa kuchomekwa mara 30 hivi, si kwa kuchomoa kila jioni. Kikishakaa, weka tone moja la gundi ya moto ubavuni kisicheze na mtetemo wa mota.

Fuata waya wa antena hadi mwisho. Umeguswa na propela? Umebanwa kati ya betri na fremu? Mawimbi ya 2.4 GHz yana urefu wa sentimita 12.5, na sehemu hai ya antena ni robo yake, milimita 31. Propela ikikata nusu ya hiyo, umepoteza antena, hata kama kilichobaki kinaonekana kirefu. Zile antena za waya mmoja za FrSky unaweza kuziokoa: menya ngozi ya nje na wavu wake, ubakize milimita 31 za waya wa ndani pamoja na ngozi yake nyeupe. Zile za umbo la T, nunua nyingine.

Mahali ilipofungwa nako kuna neno. Kaboni ya fremu inazuia mawimbi, betri inazuia, na mwili wako wewe mwenyewe unazuia. Ncha ya antena isilazwe juu ya mkono wa kaboni. Itoke nje, ikiwezekana isimame wima. Na ncha ya antena ya rimoti usiielekeze kwenye droni kama unayesonta kwa kidole: mawimbi hutoka ubavuni, nchani hakuna kitu.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo ambalo maelekezo mengi hayalitaji. Droni inayorushwa ufukweni, Kigamboni, Bagamoyo au Diani, inapigwa na upepo wa chumvi, na risiva iliyo wazi bila mpira huota ukungu wa kijani kwenye pedi na kwenye kile kiduara cha antena. Mwanzoni LQ inayumba siku za unyevu tu, kisha kila siku. Toa betri, sugua kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili, iache ikauke kabisa, halafu uivishe mpira. Ukishaona shaba imeliwa na kuwa nyeusi, kusafisha hakutasaidia.

Ikiwa antena ni nzima na LQ bado inayumba, zima vitu kimoja kimoja: kitumaji cha video, wifi ya kamera, hotspot ya simu iliyo mfukoni mwako. Hotspot ya 2.4 GHz karibu na rimoti inatosha kuleta kero.

Inazima unapopandisha gesi ghafla

Droni inaelea vizuri, unapiga gesi, inaanguka kama jiwe, na sekunde chache baadaye taa imetulia tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Umeme ulishuka, risiva ikazima na kuwaka upya.

Anza na betri. Betri iliyochoka inaonyesha volti nzuri ikiwa imetulia, lakini ikidaiwa mkondo mkubwa inazama. Jaribu nyingine iliyo mpya. Kisha soketi ya betri: ikiwa imelegea au imeungua rangi, ibadilishe. Baada ya hapo tazama kapasita kwenye waya za betri. Droni ya seli nne ikiwa haina, weka moja ya volti 35 yenye mikrofaradi kati ya 470 na 1000, ya aina yenye ukinzani mdogo, ukizingatia upande wa kutoa. Mwisho angalia nani wengine wanakula kwenye ile pedi ya 5V: GPS, taa za mapambo, kamera. Taa za mapambo ndizo ninazoanza kuzitoa.

Rimoti imezimwa na mota bado zinazunguka

Hii si ya kuvumilia hata mara moja. Propela zikiwa zimetolewa, washa mota, kisha zima rimoti. Mota lazima zisimame baada ya muda mfupi. Zisiposimama, fungua ukurasa wa Failsafe (kinga ya mawimbi yakikatika) kwenye Betaflight uweke Drop, yaani mota zizimwe, kwenye hatua ya pili. Kwa FrSky, weka No Pulses, yaani risiva inyamaze kabisa. Kwa FlySky kuwa makini zaidi, maana risiva inaweza kuendelea kutuma nafasi ya mwisho ya vijiti, na bodi ikaamini kwamba bado uko naye. Rudia jaribio kila unapobadilisha risiva au programu. Hadi lifaulu, droni isitoke nje, na hata likifaulu usirushe juu ya watu. Ruhusa ya kurusha nayo iwe mkononi, kutoka mamlaka ya usafiri wa anga: kwa Tanzania TCAA, kwa Kenya KCAA.

Inachemka

Uvuguvugu ni kawaida, hasa ikiwa kwenye wifi na hakuna upepo wa propela. Usiiache humo dakika nyingi. Ikiwa inachoma kidole ndani ya sekunde chache tangu ipate umeme, kata umeme mara moja, kuna shoti ndani.

Pa kuachia

Betri iliyovimba, iliyotoboka au yenye harufu tamu ya kemikali haifanyiwi majaribio. Itoe ndani ya nyumba, iweke mahali pasipo kitu cha kushika moto. Ukiona moshi kwenye bodi, usijaribu "mara moja tena". Na pedi ikishang'oka, au tundu la antena likitoka na shaba yake, weka pasi chini, maana kila unapoichoma tena unaondoa kilichobaki cha kuungia.

Kazi hiyo mpelekee fundi simu mwenye darubini na mashine ya hewa ya moto. Kariakoo ya Dar es Salaam wapo, Luthuli ya Nairobi wapo, na kuunga njia nyembamba kama unywele ndiyo kazi yao ya kila siku, hata kama hajawahi kuona droni. Mtolee betri kabisa kabla ya kumkabidhi. Mpe risiva, waya zake, picha ya jinsi ilivyokuwa imefungwa, na umwambie vitu vitatu: inakula volti 5, taa ilikuwa ikipepesa namna gani mara ya mwisho, na pedi ipi ilipimwa ikatoa nini.